Kuuza korosho kwa pamoja kumeinua kusini, mzani wa kijiji bado una maneno

KILA mwaka kuanzia Oktoba, barabara za Tandahimba, Newala, Masasi na Nachingwea hujaa malori yaliyobeba magunia ya korosho kuelekea maghala makuu. Ni miezi michache tu, lakini ndiyo miezi ambayo mafundi ujenzi hupata kazi, maduka ya mabati huuza, mama lishe huongeza sufuria na madeni ya tangu Machi hulipwa. Uchumi wa mikoa ya Mtwara na Lindi huamka na kulala kwa ratiba ya mkorosho.

Nyuma ya malori hayo kuna mtandao ambao mkulima mmoja asingeweza kuujenga hata kama angekuwa na shamba kubwa kiasi gani. Upo ushirika wa msingi wa kijijini, maarufu kama Amcos. Vipo vyama vikuu kama TANECU wa Tandahimba na Newala, MAMCU wa Masasi na Mtwara, na RUNALI wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Wapo waendesha maghala, mabenki, Bodi ya Korosho, halmashauri za wilaya na wanunuzi ambao wengi wao hupeleka mzigo India na Vietnam. Mtandao huo ukifanya kazi vizuri, mwenye magunia matatu huuza kwa bei ileile anayouza mwenye magunia mia tatu. Ukikwama mahali pamoja, wote hukwama.

Mikoa ya kusini inajua kukwama. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilipatikana chini ya tani 17,000. Sababu zilikuwa nyingi na ziliingiliana. Wakulima walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao. Ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua. Bei ilikuwa ndogo na malipo yalichelewa. Juu ya hayo, mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa na biashara ya zao ikabaki mikononi mwa mamlaka ya serikali. Mkulima alipoona hakuna faida, aliacha palizi, na shamba lisilopaliliwa miaka mitatu hugeuka pori.

Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na kuanzia msimu wa 1991/92 wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua. Si haki kuwasema vibaya wote. Walileta fedha taslimu siku hiyohiyo, jambo ambalo ushirika ulikuwa umeshindwa kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba mnunuzi alifika mlangoni akiwa na mzani wake, akijua bei ya bandari ya Mtwara na ya India, wakati muuzaji anajua tu kwamba mtoto anatakiwa shuleni Jumatatu. Katika biashara ya namna hiyo bei hupangwa na upande mmoja.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala Namba 10 ya mwaka 2005 ndiyo iliyofungua njia nyingine, na katika korosho mfumo huo ulianza kutumika mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Utaratibu wake ni huu. Mkulima hukausha na kuchambua korosho, huzipeleka Amcos, hupimiwa na kupewa stakabadhi. Amcos hukusanya na kusafirisha mzigo hadi ghala kuu, ambako hupimwa tena uzito na ubora. Orodha ya mizigo iliyopo hutangazwa kwa wanunuzi, nao hutaja bei zao bila mmoja kujua mwenzake ametaja nini. Wakulima husomewa bei hizo mnadani na kuamua kuuza au kukataa. Kwa miaka mingi bei ziliandikwa kwenye karatasi na kutumbukizwa katika sanduku. Tangu msimu wa 2024/25 mnada umehamia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX.

Anayedhani bei ilipanda kwa sababu wanakijiji walishikana mikono na kuimba atakuwa hajaielewa biashara hii. Mnunuzi hulipa zaidi anapokuta tani 500 mahali pamoja kwa sababu hatumii mafuta na mawakala kuzitafuta vijiji ishirini. Hulipa zaidi anapojua ubora umeshapimwa. Hulipa zaidi anapojua kuna wenzake kumi wanaoutaka mzigo huo. Na hulipa zaidi anapojua muuzaji anaweza kumkatalia leo na kusubiri mnada wa wiki ijayo. Ushirikiano ambao hauleti hata kimoja kati ya vitu hivyo huweza kuwa mzuri kwa misiba na harusi, lakini haupandishi bei ya kilo.

Matokeo yamekuwa ya kupanda na kushuka. Msimu wa 2017/18 zilivunwa zaidi ya tani 300,000 na bei katika baadhi ya minada ikapita sh. 4,000 kwa kilo. Ni kweli bei ya dunia ilikuwa juu wakati ule, hivyo sifa zote haziendi kwa mfumo. Lakini safari hii sehemu kubwa ya bei hiyo ilimfikia mkulima, na hilo ndilo lililokuwa geni. Msimu wa 2024/25 mavuno yalizidi tani 500,000, na minada ya kwanza ya kielektroniki ikafungua kwa bei ya zaidi ya sh. 4,000.

Kwa mkoa, fedha hizo haziishii mfukoni mwa mkulima. Ushuru wa mazao ya biashara unaolipwa halmashauri ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3. Chukua tani 1,000 zilizouzwa kwa sh. 3,000 kwa kilo. Thamani yake ni sh. bilioni 3, na halmashauri hupata sh. milioni 90. Zikipita pembeni kwa njia za panya, milioni hizo hazipo, na zahanati iliyoishia kwenye lenta inaendelea kusubiri paa.

Hata hivyo, mtandao huu umekatika hadharani mara mbili, na inafaa kuangalia ulikatikia wapi.

Mara ya kwanza ilikuwa Aprili 2013 wilayani Liwale. Wakati ule mkulima alilipwa kwa awamu: malipo ya kwanza kutoka mkopo wa benki uliodhaminiwa na mzigo ghalani, malipo ya pili baada ya mauzo, na kama kimebaki kitu, malipo ya mwisho ambayo wakulima wa kusini huyaita majaleo. Bei ilipoanguka, wakulima walielezwa kuwa malipo ya pili yangekuwa kidogo kuliko walivyoahidiwa. Nyumba za viongozi wa siasa na wa ushirika zikachomwa moto. Baadaye chama kikuu cha Ilulu, kilichohudumia mkoa wa Lindi, kikagawanywa.

Kushuka kwa bei peke yake hakukuwa kosa la mtu wa Liwale wala la kiongozi wake. Kosa lilikuwa kwamba mkulima alikuwa ndiye mtu wa mwisho kujua. Benki ilijua, chama kikuu kilijua, mnunuzi alijua mapema kuliko wote. Mtandao uliobeba mzigo kutoka kijijini hadi bandarini haukubeba habari kurudi kijijini.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2018, na safari hiyo habari zilifika. Katika minada ya kwanza ya Oktoba wanunuzi walitaja bei zilizo chini ya sh. 3,000, na wakulima wa Tandahimba na Newala wakakataa kuuza. Novemba mwaka huo Rais John Magufuli aliwaondoa mawaziri wa kilimo na wa biashara, kisha akatangaza kuwa serikali itanunua korosho zote kwa sh. 3,300, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Benki ya Maendeleo ya Kilimo ilipewa jukumu la kulipa. Ukaanza uhakiki wa nani ana shamba na nani amenunua za wenzake, na wapo waliosubiri fedha zao kwa miezi kadhaa hadi ndani ya mwaka 2019.

Bei ya sh. 3,300 ilikuwa nzuri kuliko ya mnadani. Lakini mwenye duka la rejareja aliyekopesha unga na mafuta tangu Agosti kwa ahadi ya korosho hakulipwa Desemba wala Januari, na yeye naye alikuwa na deni kwa mwenye duka la jumla. Fundi aliyeahidiwa kazi hakuipata. Bei kubwa inayolipwa kwa kuchelewa huweza kuumiza mji kuliko bei ya wastani inayolipwa kwa wakati, na hili watunga sera huwa wepesi kulisahau.

Hayo mawili yaliandikwa magazetini. Hasara nyingine haiandikwi kwa sababu hutokea kidogo kidogo kila gunia, nayo hujulikana kwa jina la unyaufu.

Korosho iliyokauka vizuri hulia inapotikiswa mkononi. Iliyoanikwa nusu siku badala ya siku mbili au tatu bado ina maji, na maji yana uzito. Amcos ikiipokea, mkulima huyo amelipwa kwa kilo za maji. Mzigo ukikaa ghalani maji huondoka, na ghala kuu linapopima linakuta upungufu. Nani analipa? Si yule aliyeleta korosho mbichi, maana zake zimeshachanganywa na za wengine. Wanalipa wote. Chama kilichokusanya tani 100 kikipoteza asilimia 2, ni tani 2 zimeyeyuka, na kwa bei ya sh. 3,000 ni sh. milioni 6 za kijiji kimoja.

Ubora nao ni hivyohivyo. Wanunuzi hupima ratili ngapi za kiini hupatikana katika gunia la kilo 80, na ratili 48 kwenda juu huhesabiwa kuwa korosho nzuri. Gunia moja la korosho zilizooza likimwagwa katikati ya mzigo safi, mzigo mzima hushuka. Hapo ndipo ujirani unapopimwa kweli, kwa sababu mwenye bidii ya kuchambua hulipwa sawa na asiyechambua. Baada ya misimu miwili mwenye bidii huchoka na kuacha, na hakuna wa kumlaumu.

Vyama vinavyolimudu jambo hili havina siri kubwa. Vina kipima unyevu kinachofanya kazi, vina karani ambaye haogopi kumrudisha mjumbe wa kamati mwenye gunia bichi, na hutenganisha daraja la kwanza na la pili mlangoni kabla mzigo haujachanganyika. Kazi ngumu zaidi ni ya karani. Kumwambia mjomba wako arudi nyumbani akaanike si jambo jepesi, na ndiyo maana baadhi ya wakulima hupendekeza karani wa mizani atoke kijiji kingine. Pendekezo hilo si la kupuuzwa.

Halafu kuna mzani wenyewe. Ukidanganya kilo moja tu katika kila gunia la kilo 80, katika tani 100 zitapotea kilo 1,250. Mkulima haoni kwa sababu kwake ni kilo tatu au nne tu. Mizani ya kidijitali inayotoa risiti papo hapo imesaidia pale ilipofika, lakini risiti isiyosomwa na mwenyewe haisaidii. Uzito ulioandikwa kijijini, uzito uliopokelewa ghala kuu na orodha ya makato vikibandikwa ukutani kwa chama, maneno mengi ya chinichini huisha.

Makato nayo yanahitaji mwanga. Kuna ushuru wa chama cha msingi, ushuru wa chama kikuu, gharama za ghala, usafirishaji, magunia. Kila moja lina sababu yake, lakini mkulima akiona bei ya mnada ni moja na fedha iliyoingia benki ni nyingine, ana haki ya kuuliza kila shilingi imekwenda wapi. Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, hukagua vitabu, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika husimamia vyama. Ripoti ya mkaguzi hutakiwa kusomwa mkutano mkuu. Vijijini mkutano mkuu mara nyingi huanza saa tano, posho hugawanywa saa saba, na ripoti husomwa watu wakiwa tayari wameshika baiskeli zao.

Penye ucheleweshaji na mashaka ndipo anapoingia kangomba.

Kangomba ni biashara ya kununua korosho za mkulima nje ya mfumo, mara nyingi kabla hazijaanguka mtini, kwa bei ya kutupa. Kwenye ufuta hutokea vilevile, na wakulima wa kahawa wa Kagera wana jina lao, butura. Serikali imeipiga vita kwa miaka mingi, imekamata watu na magunia, na bado ipo. Sababu yake ni ya kihesabu. Mwezi wa Agosti mkulima ana mgonjwa na hana kitu. Anapewa sh. 300,000 kwa ahadi ya kilo 200, yaani sh. 1,500 kwa kilo. Novemba kilo hizo zingemlipa, baada ya makato, tuseme sh. 3,000 kila moja, jumla sh. 600,000. Amekopa laki tatu na kulipa laki sita kwa miezi mitatu. Hakuna benki inayothubutu kuandika riba ya asilimia 100 kwa robo mwaka, lakini pia hakuna benki iliyokuwa wazi kijijini kwake Jumapili usiku.

Wengi hutaja vikoba kuwa ndiyo dawa. Vikoba vimesaidia sana, hasa akina mama, lakini kwa kijiji cha korosho vina udhaifu ambao hautajwi. Agosti sanduku huwa tupu kwa kila mwanachama kwa wakati mmoja, kwa sababu wote wanategemea zao lilelile. Desemba sanduku hujaa na hakuna anayetaka mkopo. Kikundi cha majirani wanaofanana kwa kila kitu hakiwezi kukopeshana wakati wote wana njaa. Ni lazima mtandao utoke nje ya kijiji, na utoke nje ya korosho.

Hapo mazao mengine yana kazi. Ufuta wa Lindi na Mtwara huuzwa katikati ya mwaka, na mbaazi hufuata. Tangu ufuta ulipoingizwa katika stakabadhi za ghala, Amcos ileile, ghala lilelile na karani yuleyule hufanya kazi misimu miwili au mitatu badala ya mmoja, na fedha huingia kijijini mwezi wa Juni au Julai, wakati kangomba anapoanza kupita. Mkulima mwenye ekari moja ya ufuta pembeni ya mikorosho yake ana neno la kumjibu. Mbaazi ina hatari yake. India ilipobana uingizaji mwaka 2017, bei ilianguka vibaya na watu wakaacha magunia majumbani. Lakini anayetegemea mazao matatu huanguka kwa theluthi moja, si kwa mwili mzima.

Upande wa mikopo, Aprili 2025 ilizinduliwa Benki ya Ushirika Tanzania mjini Dodoma, iliyojengwa juu ya benki ya ushirika ya Kilimanjaro, KCBL, huku vyama vya ushirika vikiwa na sehemu kubwa ya hisa. Faida ya benki ya aina hiyo, ikisimamiwa vizuri, ni kwamba fedha za muuza kahawa wa kaskazini zinaweza kumkopesha mtu wa korosho katika mwezi ambao sanduku la kijiji chake liko tupu. Stakabadhi ya ufuta wa Juni ingeweza kuwa dhamana ya mkopo wa Agosti. Ikiwa badala yake itakopesha watumishi wenye mishahara mijini, kama mabenki mengi yapendavyo, kangomba hatakuwa na sababu ya kuhama.

Ushirikiano mwingine hauhitaji hata shilingi ya benki. Ubwiriunga husafiri kwa upepo. Anayepulizia salfa shamba lake huku jirani ameliacha lake pori anapoteza sehemu ya dawa yake kila asubuhi. Vijiji vinavyopanga siku za kupulizia kwa pamoja, na kufufua au kukodisha mashamba pori ya wenyewe waliohamia mjini, hupata zaidi kutokana na mfuko uleule wa dawa. Utafiti wa Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, umetoa miche bora na maelekezo ya unyunyiziaji kwa miongo kadhaa, na maofisa ugani wanayajua. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuitisha kikao cha mtaa mmoja wa mashamba.

Linabaki suala la kubangua. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja ya korosho karanga, na kazi yote iliyo katikati, kuanzia kukaanga, kupasua, kumenya hadi kupanga madaraja, hufanywa zaidi ng'ambo. Viwanda 12 vilivyojengwa miaka ya 1970 na 1980 vilikwama, vingine vikageuzwa maghala. TANECU imejenga kiwanda chake wilayani Newala, hatua ambayo chama kikuu cha wakulima kilistahili kuichukua zamani. Wapo pia wabanguaji wadogo, wengi wao vikundi vya wanawake, wanaouza vipakiti stendi za mabasi na kwa wasafiri wa Dar es Salaam. Hao mnada hauwatoshi, kwa sababu mzigo huuzwa kwa tani nyingi na wao wanahitaji magunia ishirini. Amcos inayotenga kiasi kidogo cha daraja la kwanza na kuwauzia kwa bei ya mnada, kwa kibali cha Bodi, ingewaondoa katika kununua kwa kangomba, ambako wengi wao hupata mali kwa sasa bila kupenda. Kwa mfanyabiashara mdogo wa kusini aliyezuiwa kununua korosho ghafi, nafasi iliyobaki wazi ni hiyo, pamoja na usafirishaji, magunia, pembejeo na matengenezo ya mabomba ya kupulizia.